Moto wa makumbi juu ya mnara

Mdogo wangu ni mkwezi. Kwetu Pemba neno hilo halina haja ya maelezo. Alianza na minazi ya babu akiwa bado yuko skuli ya msingi, kamba miguuni, panga kiunoni. Msimu ukiwa mzuri aliingia kwenye mikarafuu, na miaka hii ya karibuni amekuwa akikwea minara. Taa nyekundu ya kileleni ikizimika, rangi ikibabuka, waya wa radi ukikatika, yeye ndiye anayepigiwa simu. Siku moja ya mnara humlipa kuliko pishi nyingi za karafuu, na kimo hakijawahi kumtisha.

Ramadhani ya mwaka juzi, kumi la pili, aliitwa na kituo kimoja cha redio kubadilisha taa hiyo ya juu. Ilikuwa baada ya alasiri. Aliuliza kama mtambo wa kurushia matangazo utazimwa. Akajibiwa haiwezekani, kuna mawaidha hewani, kuna matangazo ya biashara yameshalipiwa, na mbele yake kuna adhana ya magharibi ambayo watu wanaisubiri na tende mkononi. "Panda tu, wenzako wote hupanda." Akapanda.

Taa ilikuwa kileleni, na antena za FM zimefungwa chini yake kidogo, ngazi inapita ubavuni mwake. Nati zilikuwa zimeshikana kwa kutu ya hewa ya bahari. Kwa makadirio yake alikaa pale dakika arobaini. Alihisi joto, ndiyo, lakini nani asingehisi joto saa hizo, amefunga, amevaa shati la mikono mirefu na mikanda ya kukwelea imembana? Kichwa kikaanza kumgonga. Tumbo likachafuka. Wakati anajisogeza apate pa kuweka mguu, ncha za vidole viwili ziligusa chuma cha antena, akahisi kama ameng'atwa na siafu. Akamaliza kazi, akashuka, akafuturu kidogo, akalala mpaka daku ikampita. Sote tulisema ni saumu.

Asubuhi kidole cha shahada na kile cha kati vilikuwa na doa jeupe, dogo kama punje ya mchele. Halikuuma sana. Siku ya nne ngozi ikapasuka, na chini ya lile doa mlikuwa na shimo. Kituo cha afya alichokwenda walimuuliza kama ameguswa na umeme, akasema hapana, maana kwa akili yake umeme ni ule wa nyumbani. Wakakifunga kama kidonda cha kujikata. Mama alikuwa akifungua bandeji kila jioni, anaosha, anatazama. Jioni moja aliinua kichwa akasema, "Mwanangu, huu moto wa makumbi."

Aliyekulia shamba anaujua moto huo. Unawasha makumbi ya nazi, juu linatanda jivu la kijivu lililotulia kabisa, kuku wanaweza kulisogelea, na ndani kaa limewaka tangu jana. Mtoto akikanyaga hapigi kelele mara moja. Mguu hujua baadaye.

Mimi ni mwalimu wa fizikia wa sekondari. Miaka mingi nimewafundisha watoto wa watu mawimbi, kwa kamba niliyoifunga kwenye kitasa cha mlango wa darasa. Nimeandika ubaoni masafa, urefu wa wimbi na mwendo wa mwanga, na sikuwahi kumweka mdogo wangu barazani nikamwambia kwamba pale anapopenda kukaa akitazama bahari ndipo mahali pa hatari kuliko pote kisiwani. Kwa hiyo haya ninayoandika ninayaandika kwa ajili yake na wenzake, na kwa ajili ya wale wanaowapandisha.

Mawimbi ya redio si eksrei. Hayana nguvu ya kung'oa elektroni kutoka kwenye atomi wala kukata uzi wa vinasaba. Yanachofanya bila shaka yoyote, yakiwa makali, ni kupasha moto. Mwili wetu ni maji yenye chumvi. Wimbi likipita, molekuli za maji na chembe za chumvi huvutwa huku na huku mamilioni ya mara kwa sekunde, na vurugu hilo huwa joto. Hivyo ndivyo maikrowevu inavyopasha wali wa jana. Inasimuliwa kwamba mwaka 1945 mhandisi wa Marekani, Percy Spencer, alikuwa amesimama karibu na kifaa cha rada akakuta chokoleti imeyeyuka mfukoni, na jiko hilo likazaliwa hapo. Watu husimulia kisa hicho kwa kicheko. Mimi siku hizi nikikisikia nafikiria kilichokuwa nyuma ya mfuko, yaani nyama ya mtu.

Jua huchoma ngozi kwanza, na ngozi imejaa neva zinazopiga kelele, ukakimbilia kivulini. Mawimbi ya FM hupita ngozi na kuzama sentimita kadhaa, kwenye nyama, ambako hatuna mlinzi mwingi wa kuhisi joto. Yule mlinzi wa mlangoni hakuona mtu akiingia.

Na ukubwa wa miili yetu unatufanya tupokee mawimbi hayo vizuri kupita kiasi. Wimbi la megahezi 100, yaani linalotikisika mara milioni 100 kwa sekunde, lina urefu wa mita 3, nusu yake ni mita moja na nusu. Mtu mzima aliyesimama wima ni mrefu kidogo kuliko hapo, kwa hiyo naye ni antena, na hunyonya nguvu nyingi zaidi kwenye masafa ya karibu na megahezi 70 au 80, jirani kabisa na bendi ya FM inayoanzia 88. Mtoto, kwa ufupi wake, hunyonya zaidi kwenye masafa ya juu kidogo ya hayo. Ndiyo maana tume ya kimataifa inayoweka viwango vya kinga, ICNIRP, katika mwongozo wake wa mwaka 2020 imeweka masharti makali zaidi kati ya megahezi 30 na 400. Hapo kiwango cha mwili mzima kwa mtu wa kawaida ni wati 2 kwa kila mita ya mraba, na kwa mfanyakazi aliyefunzwa ni wati 10.

Nyuma ya viwango hivyo kuna kipimo kimoja ambacho nimekuwa nikikirudia kwa yeyote anayenisikiliza. Mwili ukinyonya wati 4 kwa kila kilo kwa muda wa nusu saa hivi, joto la ndani hupanda kama nyuzi 1. Mdogo wangu ana kilo 65, basi ni wati 260. Mtu aliyejilaza mkekani hutoa joto la wati 80 hivi. Ni sawa na kumbebesha ndani ya mwili wake joto la watu watatu waliolala. Wataalamu wakagawa kwa kumi kupata kiwango cha mfanyakazi, wakagawa kwa hamsini kupata kiwango cha sisi wengine. Nafasi hiyo wameiacha kwa sababu watu hawafanani na hali ya hewa haifanani. Kwetu hewa ina unyevu, jasho halikauki, linachuruzika tu. Ongeza saumu, mtu hajanywa maji tangu alfajiri. Mwili uliokuwa na njia moja tu ya kujipoza ulikuwa umeshafungiwa hata hiyo.

Sasa nirudi nyuma kidogo, kwenye jambo linaloniuma.

Miezi michache kabla ya Ramadhani ile sheha aliitisha kikao mtaani kwetu. Kampuni ya simu ilitaka kusimamisha mnara nyuma ya madrasa. Walikuja watu wengi kuliko wanaokuja kwenye kikao cha maji. Akina mama waliuliza juu ya mimba, wazee wakauliza juu ya kansa, kijana mmoja akasema amesoma kwenye simu yake (hiyohiyo ya mkononi) kwamba mnara hukausha uti wa mgongo. Sikumcheka hata mmoja, na sitawacheka leo. Mtu anayeulizia kichwa cha mwanawe ana haki ya kujibiwa. Lakini kikaoni pale alikuwepo mdogo wangu, amekaa ukutani, na hakuna aliyemuuliza yeye anavyofanya kazi. Walimjua kama kijana mwenye bahati.

Hesabu yenyewe naiweka hapa, ile ya ubaoni. Chukua mtambo wa kilowati 2 unaotawanya nguvu zake sawasawa pande zote. Ukiwa mita 3 kutoka kwake, kila mita ya mraba inapata karibu wati 18, ambazo zinapita hata kiwango cha mfanyakazi. Ukiwa mita 30, inabaki 0.18. Ukiwa mita 300, ni 0.0018. Umbali ukizidi mara kumi, nguvu hupungua mara mia. Na huko mita 3 hesabu hii ya mwalimu ni ya upole, maana ukiwa ubavuni mwa antena mawimbi hayajajipanga, yanajikusanya pahala na kupungua pengine, na vyuma vya mnara vinaweza kuyaongeza palepale ulipoweka kichwa.

Linganisha vyombo vyenyewe. Simu mkononi, hata ikijitahidi kutafuta mtandao, haizidi wati 2. Mtambo mmoja wa mnara wa simu hutoa makumi ya wati. Redio ya FM inaanzia mamia mpaka kilowati kadhaa. Mitambo ya masafa mafupi ya Dole, Unguja, iliyowafanya wapenzi wa redio wa Ulaya kusikia taarab yetu kwenye kilohezi 11,735, ni ya kilowati 50. Antena ya mnara wa simu, tena, hurusha mbele kama kurunzi inayomulika baharini kutoka kwenye paa, na aliye chini, ukutani mwa nyumba, hupata mabaki. Wanafunzi wa madrasa wanaoketi chini wangekuwa mahali salama kuliko fundi yeyote wa tangi la maji anayepanda paa la mjini na kuinama mbele ya antena iliyofungwa hapo. Huyo fundi simsikii akitajwa vikaoni. Wala simsikii akitajwa yule mama anayeanika nguo kwenye paa hilohilo. Kama antena imefungwa usawa wa kifua chake na iko hatua mbili mbele yake, huyo ndiye wa kuitishiwa kikao.

Kuhusu kansa, kwa kuwa swali hilo halikosi. Mwaka 2011 shirika la utafiti wa kansa la Umoja wa Mataifa, IARC, liliyaweka mawimbi ya redio katika kundi la 2B, "huenda yakasababisha," kwa ushahidi ambao wenyewe waliuita finyu. Mwaka 2024 ulitoka uchambuzi mkubwa wa tafiti, ulioagizwa na Shirika la Afya Duniani, nao haukuona uhusiano kati ya matumizi ya simu za mkononi na kansa ya ubongo. Hayo ndiyo niliyomwambia bi mmoja aliyenishika mkono baada ya kikao, na ningemwambia tena leo. Moto uliomchoma ndugu yangu haungojei utafiti. Unajulikana tangu enzi za vita vya pili.

Vidole vyake vilichomwa kwa njia nyingine tofauti na lile joto la mwili. Mwili uliosimama ndani ya mawimbi makali hubeba mkondo wa umeme bila kujua. Ukigusa chuma kwa ncha ya kidole, mkondo wote hutafuta kupita pale penye eneo la punje ya mchele. Kushika kwa kiganja kizima kungetawanya mkondo huo. Kugusa kidogo ndiko kunakochoma. Ngozi juu inaonyesha doa tu kwa sababu kilichoiva kiko chini, na tabibu asipouliza kuhusu antena atatibu doa. Ukienda hospitali na kidonda cha namna hii sema wazi: niligusa antena ya redio, mtambo ukiwaka. Sema hata kama hujaulizwa.

Ipo minara inayochoma hata bila kupandwa. Ya redio za masafa ya kati, mnara wenyewe wote ndio antena. Umesimamishwa juu ya kigae kizito cha kauri ili usiguse ardhi, na aliye na mguu ardhini akiweka mkono kwenye chuma hupokea moto papo hapo. Uzio ulioko pale ni kwa ajili hiyo. Nimeona watoto wakiruka nyua za namna hiyo kufuata mbuzi au mpira, na wazazi wakidhani uzio umewekwa kuzuia wezi wa vyuma.

Kuna swali ambalo mdogo wangu alilizunguka wiki nzima kabla ya kulitoa. Ameoa karibuni. Alianza kwa macho: je, kuona kwake kutaharibika? Nikamweleza kwamba lenzi ya jicho haina mishipa ya damu ya kuchukua joto na kulipeleka pengine, na wanyama waliomulikwa kwa mawimbi makali maabara wameota mtoto wa jicho, kwa hiyo akapimwe na awe anapimwa. Akatikisa kichwa. Akanyamaza. Kisha akasema, "Na huku kwingine, dada?" Mila zetu hazimrahisishii mwanamume swali hilo mbele ya dada yake, nami nilimshukuru Mungu kwamba aliliuliza. Korodani ziko nje ya mwili kwa sababu hazipendi joto. Zikipashwa moto sana mbegu hupungua, na kwa kawaida hurudi baada ya miezi, joto likiisha. Nilimwambia hivyo na nikamwambia amwone daktari wa kiume amwambie vilevile.

Unguja na antena kubwa walijuana zamani. Kule Tunguu, mwanzoni mwa miaka ya 1960, Wamarekani walikuwa na kituo cha kufuatilia vyombo vya anga vya Mercury, mradi wao wa kwanza wa kupeleka watu angani, na mwanaanga John Glenn alipoizunguka dunia Februari 1962 alizungumza na Zanzibar akipita juu yetu. Kituo kiliondolewa mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Ninakitaja kwa sababu wanafunzi wangu huamini kwamba antena ikiwa kubwa ndivyo inavyotisha. Sehemu kubwa ya kazi ya kituo kama kile ni kusikiliza, na kinachosikiliza hakimchomi mtu. Dishi la televisheni juu ya bati lako ni sikio tu. Kinyume chake, ule mkono mfupi wa rada unaozunguka juu ya boti za Unguja na Dar es Salaam ni mdogo kama ubao wa kupigia pasi, na baharia hapaswi kusimama mbele yake kwa karibu unapowaka, hasa ukiwa umesimama bila kuzunguka.

Kinga yenyewe ni ya zamani na ni rahisi mno, na urahisi wake ndio unaonikasirisha. Zima mtambo. Ukishindwa kuzima, punguza nguvu mpaka kipimo kiseme panapandika. Anayepanda achukue ufunguo wa mtambo aende nao juu, ili asiwepo mtu chini atakayeuwasha kwa kusahau. Vipo vifaa vidogo vya kuning'iniza kifuani vinavyolia mawimbi yakizidi. Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania hupima mionzi ya minara ya mawasiliano na ina ofisi Unguja, kwa hiyo mwenye kituo hawezi kusema hana wa kumuuliza. Kituo kikinyamaza dakika arobaini, hakuna msikilizaji atakayekufa. Tangazo la sabuni linaweza kurudiwa kesho. Adhana ina misikiti.

Vidole vimepona kwa kiasi. Cha shahada hakikunjiki mpaka mwisho, na msimu uliopita alichuma karafuu kwa mkono wa kushoto, polepole, huku wenzake wakimpita. Minara hakuiacha. Nilimwomba aiache, mama akamwomba, mkewe akalia. Akasema atapanda, lakini kwa masharti yake.

Mwaka huu baada ya Idd alipigiwa simu na kituo kingine, upande wa kusini wa kisiwa. Akawaambia bei yake, kisha akawaambia anataka ufunguo. Walibishana siku mbili. Siku ya tatu wakakubali kuzima baada ya taarifa ya habari ya saa nne asubuhi, kwa muda wa saa moja nzima. Nilikuwa nyumbani. Mama aliitoa redio ndogo ya betri, akaikalisha mapajani juu ya kanga, akatafuta stesheni ile. Taarifa ikaisha, mtangazaji akawataka radhi wasikilizaji, na sauti ikakatika. Ikabaki ile shhh ya hewani. Jirani akapita uani akasema, "Bi mkubwa, redio yako haina kitu, nikutafutie nyingine?" Mama akaifunika kwa mikono miwili. "Iache. Mwanangu yuko juu."